Mary McLeod Bethune: Mkuu wa Chuo Aliyeanzisha Hospitali ya Vitanda Viwili

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanafunzi wa shule ya wasichana Weusi katika mji wa Daytona, jimbo la Florida nchini Marekani, aliugua ghafla. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba, na hospitali iliyokuwa karibu ilikuwa ya Wazungu. Mkuu wa shule, Mary McLeod Bethune, alimsihi daktari hadi akakubali kumpasua. Inasimuliwa kwamba alipokwenda kumjulia hali, alimkuta msichana huyo amelazwa kwenye kibaraza cha nyuma, karibu na jikoni, mbali na wodi.

Kwa mtazamo wa kitabibu, jambo hilo halikuwa fedheha tu. Kidole tumbo kilichovimba kisipoondolewa mapema huweza kupasuka na kueneza usaha tumboni. Hata baada ya upasuaji hatari hubaki, na wakati huo penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Uhai wa mgonjwa ulitegemea usafi wa kidonda, kupimwa joto la mwili mara kwa mara, na muuguzi mwenye jicho la kutambua mapema dalili za maambukizi. Mgonjwa aliyewekwa kibarazani hakuwa na uhakika wa lolote kati ya hayo.

Bethune aliujua ubaguzi tangu utotoni. Alizaliwa mwaka 1875 karibu na Mayesville, South Carolina, akiwa wa 15 kati ya watoto 17 wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Alipohitimu masomo aliomba kwenda Afrika kama mmisionari, akajibiwa kwamba hapakuwa na nafasi kwa wamisionari Weusi. Akashika ualimu. Mwaka 1904 alifungua shule yake Daytona akiwa na dola 1 na senti 50, wasichana watano na mwanawe wa kiume. Makasha yaligeuzwa madawati, na maji ya matunda ya porini yakawa wino. Kiwanja alichokinunua baadaye kilikuwa jalala. Sehemu ya fedha ilitokana na pai za viazi vitamu alizopika na kuuza.

Shule yenye hali hiyo ingeweza kusema kwamba matibabu si kazi yake. Bethune aliona vinginevyo: mwanafunzi asiye na mahali pa kutibiwa hana hakika ya kumaliza masomo. Mwaka 1911 alifungua Hospitali ya McLeod, yenye jina la ukoo wa wazazi wake, kwa ajili ya Wamarekani Weusi. Ilianza na vitanda viwili, na idadi hiyo ikaongezeka kadiri miaka ilivyopita. Sambamba na hospitali aliweka mafunzo ya uuguzi. Uamuzi huo ulikuwa na uzito wake, kwani vitanda bila wauguzi visingemwondolea mgonjwa hatari iliyomkabili msichana yule.

Ili kupata fedha, aliwaendea matajiri Wazungu waliokuja Daytona wakati wa majira ya baridi. James Gamble, wa kampuni ya Procter & Gamble, alikubali kuongoza bodi ya wadhamini. Hata hivyo, uongozi wa shule ulibaki mikononi mwa Bethune.

Mwaka 1923 shule hiyo iliungana na Taasisi ya Cookman ya Jacksonville, na hatimaye ikawa Chuo cha Bethune-Cookman. Bethune alikiongoza hadi 1942, kisha tena mwaka 1946 hadi 1947, katika zama ambazo mwanamke Mweusi kuwa mkuu wa chuo lilikuwa jambo la nadra mno. Alifariki mwaka 1955. Mwaka 2022 sanamu yake iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani kuliwakilisha jimbo la Florida.

Hospitali ile haikuuondoa ubaguzi. Milango mingine iliendelea kufungwa kwa miongo mingi. Lakini kwa mgonjwa aliyefika hapo, kitanda kilikuwa ndani ya wodi na muuguzi alikuwa karibu. Kwa vyuo vinavyofundisha tiba na uuguzi, historia hii inaacha swali la kujiuliza: ni nani katika jirani zetu ambaye bado amelazwa kibarazani?