Je, Wajua? Milimita moja inatosha kuushusha mlango wa gari

Bushi ya bawaba ikilika milimita 1 tu, ncha ya mlango inaweza kushuka zaidi ya milimita 2. Chukua mlango wenye urefu wa mita 1, bawaba zake zikiwa zimeachana sentimita 40. Ulegevu wa milimita 1 kwenye bawaba ya juu unaishusha ncha ya upande wa kitasa kwa milimita 2.5. Ndiyo maana magari ya milango miwili, yenye milango mirefu, huteseka zaidi.

Mlango ukifungwa, ugonjwa hauonekani. Kitasa hudaka chuma kilichofungwa kwenye nguzo ya bodi, kikaunyanyua mlango hadi ukakaa sawa. Ufungue kidogo, shika ncha yake ya chini, nyanyua. Mlango ukicheza juu na chini, pini na bushi zimekwisha. Tazama pia kile chuma: utakuta mkwaruzo unaong'aa pale kitasa kinapogonga kila siku.

Wengi hukilegeza chuma hicho na kukishusha ili mlango ufunge. Hapo hujatengeneza kitu. Bawaba zinaendelea kulika.

Bushi hutengenezwa laini kuliko pini, makusudi, ili zilike zenyewe. Ni kidude kidogo, hakifiki ukubwa wa pingili ya kidole. Ya mlango wa dereva kwa kawaida hutangulia kuisha.

Kabla fundi hajang'oa pini, mwambie auegemeze mlango kwenye jeki yenye ubao na kitambaa. Usiachwe ukining'inia kwa nyaya zake.