Mwanafunzi Aliyeacha Mirungi: Wajibu wa Chuo na wa Nyumbani

Katika baadhi ya vijiji vya Milima ya Upare, wilayani Same, mirungi imepigwa marufuku kisheria, ilhali wapo wakulima ambao kwa miaka mingi wamelipa ada za watoto wao kwa fedha ya zao hilo. Mwanafunzi wa chuo atokaye huko, akishaacha kutafuna, hukutana na kishawishi mara mbili: chuoni wakati wa mitihani, na nyumbani wakati wa likizo.

Jani bichi la mirungi lina kathinoni, kemikali inayosisimua ubongo mithili ya amfetamini. Wapo wanafunzi wanaoitumia ili wakeshe wakisoma. Usingizi hutoweka kweli, lakini faida ni ndogo, kwa kuwa ubongo huimarisha kumbukumbu ya yaliyosomwa mtu anapolala.

Anayeacha huweza kupatwa na uchovu, huzuni, ndoto za kutisha na hamu kubwa ya kutafuna. Dalili za mwili kwa kawaida hupungua baada ya siku kadhaa. Hamu huweza kurudi hata baada ya miezi, hasa akikutana na wenzake wa zamani au akizidiwa na msongo. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, hutibu uraibu wa heroini, si wa mirungi. Kwa mirungi hakuna dawa mahususi iliyoidhinishwa. Tiba kuu ni ushauri nasaha na mazingira yanayomlinda mhusika.

Chuo kina wajibu wa kumtunzia siri. Anayeogopa kufukuzwa hataomba msaada. Mlezi wa wanafunzi amsaidie kupata mwenzi wa chumba asiyetumia kilevi, ratiba ya kusoma inayoacha nafasi ya usingizi, na miadi ya mshauri kabla ya mitihani. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Rutgers kilitenga makazi ya wanafunzi wa namna hii tangu miaka ya 1980.

Nyumbani, wazazi wazungumze naye kabla hajafunga chuo. Asitumwe kuchuma wala kufungasha majani. Apewe kazi nyingine, kama ya shamba la tangawizi, na aendelee kuwasiliana na mshauri wake kwa simu.

Akiteleza, asitukanwe wala kunyimwa ada. Kurudia matumizi ni dalili kwamba msaada unahitaji kuongezwa. Akisikia sauti zisizokuwapo, au akisema hataki kuishi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.