Afya ya mpiga dawa ni sehemu ya mtaji wa mkulima

KATIKA mashamba ya nyanya, iwe Ngarenanyuki mkoani Arusha au Ilula mkoani Iringa, si ajabu kumkuta kijana akiwa peku, bomba la lita 16 mgongoni, akipita katikati ya matuta huku ukungu wa dawa ukimrudia usoni. Nozeli ikiziba, huifungua na kuipuliza kwa mdomo. Bomba likivuja, dawa hutiririka mgongoni hadi kwenye suruali, naye huendelea na kazi kwa sababu mara nyingi malipo yake huhesabiwa kwa idadi ya mabomba.

Jioni kichwa humuuma, hutapika na viungo hulegea. Wenzake humwambia ni jua, au ni malaria. Asipofika shambani kesho yake, mwenye shamba hutafuta mwingine. Hasara hiyo haiandikwi kwenye daftari la mwenye shamba, wala zahanati haipati taarifa kwamba mgonjwa alishinda akipiga dawa.

Wakulima wengi hupiga hesabu ya mbegu, mbolea, dawa na maji kabla ya msimu kuanza. Afya ya mtu atakayeishika dawa hiyo haimo katika hesabu, ilhali yeye akianguka katikati ya msimu, wadudu hawamsubiri apone.

Dawa huingilia wapi

Wengi hudhani hatari ya dawa ni kuinywa au kuivuta kwa pua, hivyo mpiga dawa hujifunga kitambaa usoni na kujiona yuko salama. Ukweli ni kwamba shambani sehemu kubwa ya sumu huingia kupitia ngozi, hasa mikononi, mgongoni na sehemu za siri, na zaidi pale ngozi inapokuwa na jasho. Kitambaa hicho hakichuji sumu. Kikilowa, huishikilia dawa karibu na mdomo na pua.

Hatari kubwa zaidi ipo wakati wa kuchanganya. Kama lebo inataka mililita 30 katika lita 15 za maji, basi dawa iliyomo kwenye chupa ni kali mara 500 kuliko ile iliyomo kwenye bomba. Tone moja linalomwagikia mkononi wakati wa kupima si jambo dogo, na anayekoroga kwa mkono mtupu anajitia sumu kabla hata hajaingia shambani.

Miongoni mwa viuatilifu vinavyojulikana sana kwa madhara hayo ni vile vya kundi la organofosfeti, kama profenofosi na klopairifosi. Huzuia kimeng'enya kinachosaidia mishipa ya fahamu kutulia baada ya kufanya kazi. Matokeo yake ni kichwa kuuma, jasho na mate kutoka kwa wingi, macho kuona ukungu, mboni kusinyaa, tumbo kukata, misuli kutetema na, sumu ikizidi, kushindwa kupumua. Dalili zinaweza kuanza saa kadhaa baada ya kazi, mtu akiwa tayari nyumbani, na ndiyo maana huchukuliwa kuwa ni homa ya kawaida.

Ipo pia imani kwamba maziwa huondoa sumu. Maziwa hayaondoi dawa iliyokwisha kupenya kwenye ngozi. Baadhi ya matajiri huwanunulia vibarua maziwa baada ya kazi kwa nia njema, lakini fedha hiyo ingefaa zaidi ikinunua sabuni na glavu za mpira.

Kinga isiyo ya gharama kubwa

Hatua ya kwanza ni kusoma lebo. Mstari wa rangi ulio chini ya lebo huonyesha ukali wa dawa: nyekundu ni sumu kali sana, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani. Hata hivyo, kijani haina maana kwamba dawa inaweza kuchezewa. Pale inapowezekana, mkulima achague dawa isiyo kali sana inayofanya kazi ile ile.

Mpiga dawa anahitaji shati la mikono mirefu, suruali ndefu, kofia, miwani, mabuti ya mpira na glavu za mpira. Glavu za kitambaa au ngozi hazifai kwa sababu hunyonya dawa. Suruali ivaliwe nje ya buti, isichomekwe ndani, ili dawa isitiririkie mguuni. Lebo ikitaka barakoa yenye kichujio, itafutwe hiyo hiyo. Kipande cha nailoni mgongoni husaidia, lakini dawa ya bomba linalovuja ni kulitengeneza kabla ya kazi. Nozeli iliyoziba isafishwe kwa maji na brashi laini.

Kazi ifanyike asubuhi na mapema au jioni, upepo ukiwa umetulia, na mtu asivute sigara wala kula akiwa kazini. Ndoo ya maji safi na sabuni ikae kando ya shamba. Akimaliza, mpiga dawa aoge mwili mzima, na nguo zake zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Watu wengine wasiingie shambani hadi muda ulioandikwa kwenye lebo upite.

Mtu akizidiwa, aondolewe shambani, avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Dawa ikiingia machoni, yasafishwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Asilazimishwe kutapika isipokuwa lebo imeelekeza hivyo. Akimbizwe hospitali pamoja na chupa au lebo ya dawa, maana daktari hawezi kuchagua tiba sahihi bila kujua ni sumu gani.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali OSHA, haihusu viwanda vya mijini pekee. Shamba nalo ni mahali pa kazi. Kumpatia mfanyakazi vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri, wala si jambo la kumkata kibarua kwenye ujira wake.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake, na kwa sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara. Anayelipa mishahara ya jumla ya shilingi 1,000,000 kwa mwezi huchangia shilingi 5,000. Mfanyakazi aliyeandikishwa akiumia au kuugua kutokana na kazi, mfuko hugharimia matibabu na fidia, na akifariki wategemezi wake hulipwa. Kwa mkulima mdogo, bili moja ya hospitali inaweza kumeza faida yote ya msimu.

Soko nalo linauliza. Wanaouza maharage machanga au parachichi Ulaya wanaifahamu GLOBALG.A.P., kanuni za kilimo bora zilizojulikana kama EUREPGAP hadi mwaka 2007. Mkaguzi wake haangalii mazao tu. Hutaka kuona dawa zinahifadhiwa wapi na wanaozipiga wamefundishwa na kupewa vifaa gani.

Dukani nako kuna hatari

Wafanyabiashara wa pembejeo nao wana la kujifunza. Muuzaji anayeshinda katika chumba kidogo kisicho na madirisha, akizungukwa na dawa, huvuta hewa hiyo mwaka mzima. Duka linahitaji hewa ya kutosha, na chakula kisiwekwe wala kuliwa humo. Kumimina dawa kwenye chupa za maji au soda ili kuuza kwa kipimo kidogo ni hatari maradufu: muuzaji hugusa sumu isiyochanganywa, na mnunuzi huondoka bila lebo. Zipo familia zilizopoteza watoto kwa chupa za namna hiyo.

Kuhusu dawa zilizosajiliwa na matumizi yake, mamlaka inayohusika ni TPHPA, yenye makao makuu Arusha, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kuchukua nafasi ya TPRI. Ofisa ugani wa kata naye ni mahali pazuri pa kuanzia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kumkabidhi kibarua bomba, mwenye shamba ajiulize kama yeye mwenyewe, au mwanawe, angelibeba mgongoni jinsi lilivyo. Kama jibu ni hapana, basi bomba hilo halijawa tayari kwa kazi.