Kwa Nini Dripu Hupunguzwa kwa Majeruhi wa Kifua

Ndugu wanaouguza majeruhi wa ajali ya pikipiki hushtuka wanapomwona muuguzi akipunguza kasi ya dripu, au kuiondoa kabisa, ilhali mgonjwa bado anahema kwa shida. Wengine hudhani mgonjwa wao ametelekezwa. Makala haya yanawaeleza wakazi wa Kata ya Kasense, na Manispaa ya Sumbawanga kwa jumla, kwamba kwa majeruhi wa aina hiyo kupunguza maji huweza kuwa sehemu ya tiba.

Kifua kinapogongwa kwa nguvu, pafu huweza kuvilia damu hata kama ngozi haikuchanika. Mishipa midogo inayozunguka vifuko vya hewa huanza kuvuja. Maji ya dripu yakizidi, sehemu yake hupenya katika vifuko hivyo na kuzuia oksijeni kuingia katika damu. Hali hiyo huweza kuongezeka katika saa 24 hadi 48 baada ya ajali. Ndiyo maana mtu aliyefika akizungumza vizuri huweza kuzidiwa siku inayofuata.

Hata hivyo, maji machache mno nayo ni hatari. Majeruhi anayetokwa na damu nyingi hushuka shinikizo la damu, na figo na ubongo huathirika. Kwake, damu huzuiwa kwanza isiendelee kutoka, na iliyopotea hufidiwa bila kuchelewa, hasa kwa kuongezewa damu. Dripu hupunguzwa baada ya mzunguko wa damu kutengemaa.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulihusisha wagonjwa 1,000 wenye madhara makali ya mapafu yaliyotokana na sababu mbalimbali. Vifo havikutofautiana sana, lakini waliopewa maji kwa kiasi waliondolewa mapema zaidi kwenye mashine ya kupumulia. Nao utafiti wa mwaka 2011 katika nchi za Kenya, Uganda na Tanzania, uliohusu watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulionesha kuwa kuwapa maji mengi kwa haraka kuliongeza vifo. Ugonjwa ulikuwa tofauti, lakini fundisho ni lilelile: dripu ni dawa, na dawa ina kipimo.

Wananchi wanaombwa kuzingatia yafuatayo wanapouguza:

1. Msiongeze wala kupunguza kasi ya dripu wenyewe.
2. Msimpe mgonjwa kinywaji kabla ya kuruhusiwa.
3. Mwelezeni muuguzi kiasi alichokunywa na mkojo alioutoa.
4. Mwiteni muuguzi mara moja mgonjwa akihema kwa kasi, akichanganyikiwa au midomo ikibadilika rangi.

Aliyegongwa kifuani awahi kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama hana jeraha la nje. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, kisha pumzi ikabana, arudi bila kusubiri kupambazuke. Mwenye shaka kuhusu dripu amwulize mhudumu. Kuelezwa ni haki yake.