Presha na Moyo: Madhara Huanza Kabla ya Maumivu

Katika vikundi vingi tunasikia neno hili: "Mimi nina presha, lakini sisikii kitu. Kwa nini nimeze dawa kila siku?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo ndani ya moyo wenyewe.

Moyo ni msuli wenye kazi mbili. Hukaza ili kusukuma damu, halafu hulegea ili ujae damu nyingine. Hufanya hivyo karibu mara 100,000 kwa siku. Presha ikiwa juu, upande wa kushoto, ule unaopeleka damu mwilini, hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mkono wa mtu wa jembe hunenepa kwa kazi, na kuta za moyo vilevile. Lakini tusidanganyike! Unene huo si afya. Ukuta mnene huwa mgumu, na mara nyingi kazi inayoharibika kwanza si kusukuma, ni kulegea.

Fikiria mfuko wa ngozi. Ukiwa laini, hufunguka ukajaa maji bila shida. Ukikauka, maji yale yale huingia kwa kulazimishwa. Hivyo ndivyo moyo mgumu ulivyo. Damu inayotoka mapafuni haipati nafasi nzuri ya kuingia, basi inarundikana huko nyuma. Mtu akiwa ameketi hajui lolote. Akipanda mlima na mtungi wa maji, pumzi inamwishia. Wengi husema ni uzee tu. Pengine ni kweli, lakini mwenye presha asikubali jibu hilo kabla hajapimwa. Baadaye miguu huvimba, au mtu hushindwa kulala bila kuinua kichwa kwa mito. Akifika hapo asingoje, aende hospitali.

Katika hospitali kubwa kuna mashine ya mawimbi ya sauti inayoonyesha picha ya moyo, na ugumu huu huonekana mapema. Si kila mtu ataifikia, gharama tunazijua. Kupima presha ni rahisi zaidi, ila uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja.

Presha ikishuka na kukaa chini, unene wa moyo waweza kupungua. Ndiyo sababu dawa humezwa hata siku za kujisikia vizuri. Usiazime dawa ya jirani. Yake si yako. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya mkate na viungo vya pakiti.

Kikundi chenye akiba chaweza kununua mashine ya kupimia mkononi, juu ya kiwiko, na kumwomba muuguzi awafundishe. Mwanachama aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, bila kunywa chai nusu saa kabla. Andikeni namba daftarini. Ikiwa 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, aende zahanati na daftari hilo. Ikifika 180/120 na kifua kinauma au pumzi ni fupi, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama mkutano haujaisha.