Rangi ya shilingi ya simba: ya umri au ya kupikwa?

ARUA/KOBOKO — Mchuuzi wa Arua au Koboko akiletewa shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, ya simba na Mfalme George wa Tano, rangi ndiyo hupandisha bei. Hapo ndipo matapeli hupita.

Sarafu hiyo, iliyoanza 1921, ina fedha robo tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni shaba. Ikizeeka yenyewe huwa kijivu au kahawia, weusi ukijibana kandokando ya herufi. Buluu na zambarau kali, tena kwa mabaka, zitiliwe shaka: salfa na moto huzitoa upesi. Mikwaruzo chini ya rangi huonyesha ilisuguliwa kwanza.

Muuzaji naye asiing'arishe kwa majivu. Wakusanyaji hupunguza bei ya iliyosuguliwa, hata ikimetameta.