Wapangaji Wanne wa Mgunga

Tambarare za Laikipia nchini Kenya zina udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata miguuni mvua ikinyesha. Mti unaotawala pale ni mmoja tu, mgunga mfupi ambao baadhi ya miiba yake huvimba chini na kubaki na uwazi ndani. Upepo ukipita kwenye vitundu vya miiba hiyo, mti hupiga mluzi. Wenye nyumba humo ni sisimizi. Mti huwapa makao na utomvu mtamu unaotoka kwenye vitezi vidogo vya majani, nao humshambulia kila anayekuja kula majani yake. Hata tembo, kwa ukubwa wake wote, hapendi kuingiwa na sisimizi mkongani.

Aina nne za sisimizi huugombea mti huu, na kwa kawaida kila mti hushikwa na kundi moja. Hakuna kupangisha chumba. Mwanaikolojia Todd Palmer, ambaye amewachunguza kwa miaka mingi, aliwahi kuyafunga pamoja matawi ya miti jirani ili makundi hasimu yakutane. Vita vilizuka. Sisimizi walikamatana kwa meno, mmoja kwa mmoja, wakaporomoka chini wakiwa bado wameng'ang'aniana. Kwa kuwa vifo vilikaribiana pande zote mbili, ushindi ulikwenda kwa kundi lililokuwa na watu wengi wa kupoteza.

Wakipangwa kwa ubabe, wa kwanza ni Crematogaster sjostedti, akifuatwa na mimosae, kisha nigriceps, na mwisho kabisa yupo Tetraponera penzigi, mnyonge wa wote. Mwaka 1934 Mrusi Georgy Gause alichapisha majaribio ambayo yangetufanya tutabiri mwisho wa hadithi hii. Aliweka aina mbili za paramesia, viumbe wa seli moja, kwenye chombo kimoja chenye chakula cha aina moja, na aina moja ikaimaliza nyingine. Kwa hesabu hiyo penzigi alipaswa kutoweka zamani. Lakini yupo, tena anashikilia miti mingi tu.

Siri yake ni ya ajabu kidogo. Akishaupata mti, huvitafuna vile vitezi vya utomvu na kuviharibu. Anajinyima utamu, lakini mti usio na utamu hauwatamanishi majirani wenye nguvu. Nigriceps naye hukata vichipukizi vya pembeni, mti ukasongamana na matawi yake yasiguse ya mti wa jirani, kwa hiyo daraja la kupitia adui halipo. Mti hulipia ulinzi huo kwa kushindwa kutoa maua. Hakuna hata mmoja kati ya hawa wawili aliyeongeza nguvu. Kila mmoja ametafuta njia ya kutopigana.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema maisha, biashara na msitu vyote ni mbio, mwenye kasi ndiye mshindi. Mbio ndizo jambo geni. Katika riadha binadamu wamejitahidi kuondoa kila kitu isipokuwa miguu na mapafu: umbali ni uleule, bunduki ni moja, na hata unene wa soli ya kiatu cha barabarani una kikomo cha milimita 40. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mwaka 2019, dunia nzima ilishangilia, lakini muda huo haukuandikwa kuwa rekodi. Waweka kasi 41 walipokezana kumkinga na upepo, na hapakuwa na mpinzani. Linganisha na Berlin mwaka 2003. Sammy Korir aliajiriwa kumwekea kasi Paul Tergat, lakini hakutoka njiani kama wafanyavyo wengi wa kazi hiyo. Tergat alivunja rekodi ya dunia kwa saa 2:04:55, na Korir, mtu wa kukodiwa, akamaliza sekunde moja nyuma yake. Kama kuna kilomita za mwisho zinazoeleza maana ya kushindana uwanjani, ni zile.

Sokoni mambo yako karibu zaidi na Laikipia. Muuza vitenge wa Kariakoo hana haja ya kumzidi mbio jirani yake. Anatafuta mzigo ambao jirani hana, au mteja ambaye jirani hamtaki. Mkubwa naye hujenga kuta. Huduma za pesa kwa simu Tanzania zilianza kila kampuni ikiwa na boma lake, na mteja alikuwa na sababu ya kujiunga na ile yenye ndugu zake wengi. Wingi wenyewe ulikuwa silaha, kama kwa sisimizi wa Palmer. Kuanzia 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana pesa ivuke moja kwa moja kutoka mtandao hadi mtandao, na Vodacom ikaingia 2016. Ushindani haukufa. Uligeukia tozo, mawakala na ubora wa huduma, mahali ambapo mteja angalau anaambulia kitu.

Anayeubadilisha uwanja, basi, huenda akambadilisha na mshindi bila kukusudia. Mwaka 1995 watafiti walizungushia uzio vipande vya ardhi kule Laikipia ili tembo, twiga na wengine wasiingie. Mtu angedhani migunga ingenawiri. Kumbe miti isiyoliwa ilipunguza utomvu na miiba ya kuishi, kwani mlinzi wa nini tena? Mimosae, mlinzi hodari aliyetegemea malipo hayo, akadhoofika, na sjostedti akachukua nafasi. Huyu hukaa kwenye matundu yanayochimbwa shinani na mbawakawa, kwa hiyo hana ugomvi na mbawakawa hao. Miti yake ilikua polepole na kufa kwa wingi zaidi.

Mwanzoni mwa karne hii akaja mgeni, sisimizi mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, ambaye huwaua wenyeji na wala haulindi mti. Palipovamiwa, tembo walivunja migunga mara tano hadi saba zaidi. Nyika ikawa wazi, pundamilia wakawaona simba mapema. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kuwa pundamilia walishuka kutoka asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka 2003 hadi 42 mwaka 2020. Idadi ya simba haikuporomoka; walihamia kwa nyati, windo gumu ambalo pembe zake humuua simba pia.